Nyumba ya Leeds si nyumba ya Tanga

USHAURI WA SHANGAZI

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mzaliwa wa Chumbageni, Tanga, na huu ni mwaka wa tisa naishi Leeds, Uingereza, na mume wangu. Tuna mtoto wa miezi mitano. Mwezi uliopita mama yangu mzazi, mwenye miaka 69, alikuja kutusaidia kulea. Tangu wiki iliyopita limeingia joto ambalo sijaliona tangu nije huku. Mchana nje inafika nyuzi 32 au 33, na ndani vyumba vya juu havikaliki. Sasa wametangaza tahadhari ya rangi ya chungwa. Wanasema mwishoni mwa wiki litazidi.

Tumepanga Harehills, kwenye zile nyumba za matofali zilizogandana mgongo na nyumba ya nyuma, kwa hiyo madirisha yote yako upande mmoja, na upande huo ndio wa jua la jioni. Sebule iko chini, na chini yake kuna stoo ya ardhini. Juu kuna vyumba viwili, kimoja kimo ndani ya paa. Mume wangu anafanya kazi usiku kwenye ghala na mchana analala humo kwenye paa. Anaamka godoro limelowa jasho, hajapata hata masaa matatu ya usingizi. Anataka tununue kiyoyozi. Mimi nahofia bili ya umeme.

Mama ndiye mtihani. Nikifunga madirisha mchana, yeye anayafungua yote. "Joto gani la kujifungia ndani? Mbona Tanga hatufi?" Akiamka kuswali alfajiri anasema hapo ndipo anapopumua. Anatumia dawa za presha, mojawapo ni ile ya kukojoza, lakini maji hanywi kwa sababu ngazi za kwenda chooni zinamchosha. Nikimsemesha sana ananiambia nimekuwa Mzungu. Juzi alishikwa na kizunguzungu na kichwa kikamuuma. Alipojilaza kidogo akasema amepona.

Kazini nako wananicheka: Mwafrika gani analalamikia nyuzi 32? Mwenyewe najishangaa. Nimekulia kwenye joto, leo linishinde?

Halafu kuna mzee Mwingereza, nyumba ya pili kutoka kwetu, anaishi peke yake. Tangu joto lianze sijamwona nje. Mama ananiuliza kila siku, "Yule mzee amekula nini?" Huku watu hawaingiliani. Nifanyeje?

Binti wa Chumbageni, Leeds

---

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa mtoto, na wifi yangu, mama yako, umpe salamu zangu nyingi.

Nianze na hilo la kuchekwa, kwa sababu ukilielewa hilo mengine yatanyooka. Hujawa dhaifu wala hujawa Mzungu. Vilivyobadilika ni vitu viwili: mwili wako na nyumba unayolala.

Mwili huzoea joto kwa kujifunza, na somo hilo huchukua wiki moja hadi mbili. Mtu huanza kutoa jasho mapema na kwa wingi zaidi, jasho hupungua chumvi, na moyo hauendi mbio sana kwa kazi ileile. Ukihamia penye baridi, mazoea hayo huyeyuka ndani ya wiki chache. Wewe umekaa miaka tisa, na wenzako wa kazini wanadhani joto linarithiwa pamoja na rangi ya ngozi. Halirithiwi. Mama aliyetoka Tanga mwezi uliopita huenda bado ana mazoea kuliko wewe, ingawa kwake kuna jambo jingine ambalo nitalifikia.

Kubwa zaidi ni nyumba. Tanga jua la mchana hukaa utosini. Linapiga paa, na paa likiwa limechomoza vizuri juu ya kuta, madirisha na baraza hubaki kivulini. Leeds jua halifiki utosini hata siku moja ya mwaka. Hata Juni, linapokuwa juu kabisa, limeinamia kusini, na asubuhi na jioni linashuka kiasi cha kupenya dirishani likagonga ukuta wa ndani. Tena halina haraka. Mwishoni mwa Juni linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri na kuzama baada ya saa tatu usiku. Tanga mchana ni wa saa kumi na mbili. Huko unafika kumi na saba.

Waliojenga nyumba hiyo hawakuliwaza joto. Nyumba za mgongo kwa mgongo zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda, nyingi katika kipande kidogo cha ardhi, na kila iliyo katikati ya safu ikibanwa na majirani pande tatu. Sheria ya mwaka 1909 ilizipiga marufuku, sababu mojawapo ikiwa hewa kutopita, lakini Leeds waliendelea kuzijenga kwa ramani zilizokwisha kupitishwa hadi 1937. Wakati wa baridi kubanwa huko ni neema. Likija joto, matofali yale hufanya kama jiko la mkaa ulilomaliza kupikia: moto huuoni, lakini ukiligusa unaungua. Ndiyo maana saa nne usiku nje kumepoa na chumba cha paa bado kinafukuta. Nyuzi 32 za Leeds si nyuzi 32 za Tanga, kwa sababu zile za Tanga hazikufuati kitandani namna hiyo.

Na si wewe peke yako unayelemewa. Tarehe 19 Julai 2022 kituo cha Coningsby, jimbo la Lincolnshire, kilipima nyuzi 40.3. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Uingereza kuvuka 40 tangu waanze kuweka kumbukumbu. Siku moja kabla, uwanja wa ndege wa Luton ulisimamisha safari kwa sababu lami ya njia ya kurukia iliharibika kwa joto. Katika vipindi vya joto vya kiangazi kile, idara ya usalama wa afya ilikadiria kuwa England ilikuwa na vifo 2,803 zaidi ya kawaida kwa watu wenye miaka 65 na kuendelea. Hao walikuwa wakazi wa hukohuko. Atakayekucheka mpe hesabu hiyo, kisha tuendelee na kazi.

Kazi ya kwanza ni madirisha, na hapa nitamtetea wifi yangu kabla ya kumpinga. Tanga mwezi Februari, kaskazi linapovuma, mchana hufika nyuzi 32 hivi na usiku haushuki sana chini ya 24. Joto la nje na la ndani hukaribiana saa zote, kwa hiyo hakuna baridi ya kuweka akiba. Dawa ni upepo: fungua kila tundu, hewa ipite, jasho likauke mwilini. Amefanya hivyo maisha yake yote na amefanya sawasawa.

Leeds kuna kitu ambacho Tanga hakuna, nacho ni usiku wa baridi. Katika siku nyingi za joto, nje hushuka hadi nyuzi 16 au 17 kabla ya alfajiri, wakati mchana ni 32. Tofauti hiyo ndiyo mali yenu. Usiku mnaiingiza ndani, mchana mnaifungia isitoke. Ukifungua madirisha saa saba mchana unakaribisha hewa yenye nyuzi 32 katika sebule iliyokuwa na 24, na matofali yanaianza kazi yao upya.

Kanuni yenyewe ni fupi. Nje kukiwa na joto kuliko ndani, funga. Nje kukiwa na baridi kuliko ndani, fungua. Msibishane kwa hisia. Nunueni vipimajoto viwili vya bei rahisi, kimoja sebuleni, kingine nje mahali ambapo jua halikipati, na hivyo ndivyo vitakavyoamua. Kwa kawaida mtafunga baina ya saa mbili na saa tatu asubuhi, na kufungua saa tatu au saa nne usiku. Alfajiri mama anapoamka kuswali ndiyo saa iliyo bora kuliko zote. Aliposema hapo ndipo anapopumua, alikuwa amekwisha kuisoma hali ya hewa ya Leeds kuliko ninyi mnaolala.

Tatizo lenu ni kwamba hamna dirisha la nyuma, hivyo upepo hauwezi kuingia huku ukatokea kule. Tumieni tabia ya hewa ya moto ya kupanda juu. Usiku fungueni dirisha la chini na lile la paa kwa wakati mmoja, na milango yote ya ndani iwe wazi. Hewa baridi itaingia chini, itapanda na ngazi, na ya moto itatokea juu. Feni ikiwekwa kwenye dirisha la paa, uso wake ukielekea nje, itaharakisha kazi hiyo kwa kulitoa joto nje badala ya kulizungusha chumbani. Dirisha la chini liwe wazi sana wakati kuna mtu yuko macho. Mkilala, libaki na nafasi ambayo mkono wa mwizi haupiti.

Upande wa pazia, fahamu hili: pazia la ndani linazuia mwanga, lakini joto linakuwa limekwisha kupita kioo. Kinachosaidia zaidi ni kitu kilicho nje ya kioo. Shuka jeupe lililofungwa imara nje ya dirisha, kuanzia saa sita mchana kabla jua halijageuka upande wenu, litafanya kazi kuliko pazia zito la sebuleni. Muulize mwenye nyumba kabla ya kutoboa ukuta. Kama shuka nje haliwezekani, basi pazia la rangi nyeupe, lifungwe kabla jua halijafika, si baada ya chumba kuchemka.

Kazi ya pili: shukeni chini. Kaskazi linapozidi, watu wa pwani hutoa mikeka uani. Uani kwenu kwa sasa ni sebule. Vyumba vya juu mviache hadi joto lipite. Magodoro yashuke, wewe, mama na mtoto mlale chini.

Mkwe wangu alale kwenye stoo ya ardhini. Udongo unaoizunguka haupati joto haraka, na chumba kilicho chini ya ardhi hubaki na ubaridi hata juu kukiwaka. Lakini kwanza hakikisheni pakavu, pana king'ora cha moshi, njia ya kutokea haina mizigo, na hakuna kifaa cha gesi humo. Kikiwapo, kwanza wekeni king'ora cha gesi ya kaboni monoksidi. Gesi hiyo haina harufu. Akirudi kazini aoge maji ya uvuguvugu, si ya barafu, kwa sababu maji baridi mno hufanya mishipa ya ngozi ibane na joto likabaki ndani ya mwili. Asijifute sana, alale na unyevu kidogo, feni ikimpepea. Kama stoo haifai, basi yeye achukue sebule mchana na ninyi mtoke: maktaba, duka kubwa lenye ubaridi, au vivuli vya miti vya Roundhay Park, ambayo haiko mbali nanyi. Ziwa lake mlitazame tu. Kila joto linapoingia, huko Uingereza watu huzama kwa kurukia maji ambayo juu yana vuguvugu na chini ni baridi ya kukata pumzi.

Feni nayo ina mpaka wake. Haipozi hewa; inakausha jasho, na jasho likikauka ndipo mwili unapoa. Chumba kikiwa na joto kuliko ngozi, feni inaanza kukupulizia moto. Waingereza wanaweka mpaka nyuzi 35, Shirika la Afya Duniani linasema 40. Kwa mtu wa miaka 69 shika ile ndogo. Kikikaribia hapo, mloweshe ngozi kwa kitambaa chenye maji au mhamishe. Kanga iliyoloweshwa na kukamuliwa, ikavaliwa mabegani, ni kifaa kizuri kuliko vingi vinavyouzwa.

Sasa kiyoyozi. Simkatazi mkwe wangu, nataka tu ajue anachonunua. Vile vya kusukumwa kwa magurudumu, vyenye bomba moja, hutoa hewa ya moto nje kwa bomba la dirishani. Hewa ikitoka, lazima iingie nyingine, na itaingia kwa kila upenyo kutoka nje, ikiwa na joto lake. Kwa hiyo dirisha lenye bomba lizibwe vizuri, na mashine itumike katika chumba kimoja, mlango umefungwa. Kiyoyozi cha namna hiyo hakiwezi kupoza nyumba nzima. Umeme wake ni kama wati elfu moja. Feni ya kawaida ni wati hamsini hivi. Yaani saa moja ya kiyoyozi ni saa ishirini za feni. Jihadharini pia na vile visivyo na bomba, vinavyojazwa maji. Hivyo si viyoyozi. Vinapuliza hewa iliyopita kwenye maji, na mkijifungia navyo chumba kinajaa unyevu, jasho halikauki.

Uamuzi wangu: wiki hii nunueni vipimajoto na feni mbili, mfuate ratiba ya madirisha, mhamie chini. Kama baada ya hapo sebule bado haishuki chini ya nyuzi 26 au 27 usiku, nunueni kiyoyozi kimoja cha bomba kwa ajili ya sebule hiyo, na msimhesabie mama senti. Bili inalipika kidogo kidogo.

Nimefika kwa mama mwenyewe. Nilisema huenda bado ana mazoea ya joto kuliko wewe, lakini miaka imechukua baadhi ya alichopewa na Tanga. Mtu akizeeka jasho hupungua, na kiu huchelewa kubisha hodi; mwili unaweza kuwa umekauka na yeye hahisi haja ya maji. Juu ya hapo anameza kidonge cha kukojoza, ambacho kazi yake ni kutoa maji na chumvi mwilini. Dawa nyingine za presha nazo joto huzipa nguvu za ziada, kwa sababu mishipa tayari imetanuka kwa joto, na presha inaweza kushuka kupita kiasi. Kizunguzungu kile cha juzi na kuumwa kichwa vilikuwa ni onyo. Msilipuuze kwa kuwa lilipita.

Hata hivyo asiache dawa wala asipunguze kwa shauri lako au langu. Kesho chukua vidonge vyake, nenda kwa mfamasia wa duka la dawa mtaani kwenu. Huko hakuna miadi wala ada ya kuuliza. Mwonyeshe, mweleze kizunguzungu, muulize anywe maji kiasi gani, hasa kama aliwahi kuambiwa ana ugonjwa wa moyo au figo. Ukikwama piga 111, namba ya ushauri wa afya. Wanaweza kumtafutia mkalimani wa Kiswahili akajieleza mwenyewe.

Habari ya ngazi na choo usiichukulie kuwa ni ukaidi. Huenda magoti yanamuuma na anaona aibu kusema. Fanya hivi: mara tano kwa siku anapanda kutia udhu, atake asitake. Mpe glasi ndogo kabla hajapanda na nyingine akishuka, haja ikamalizwa safari hiyohiyo. Mfamasia akiridhia kiasi hicho, bila kuongeza hata ngazi moja atakuwa amepata maji ya kutosha, na chai yake pia inahesabiwa. Ongeza tikiti maji, matango, machungwa, uji mwepesi. Chumvi usimwongezee bila ushauri, kwa ajili ya presha. Mkojo ukiwa na rangi nzito, maji hayatoshi.

Je, utamwambiaje haya bila kuonekana umekuwa Mzungu? Mwanangu, mkubwa haamrishwi, hukabidhiwa. Ukimwambia "mama funga dirisha", atafungua. Mkalishe jioni, mpe vipimajoto vyote viwili, mwambie: "Mama, mimi na baba mtoto hatuamki mapema, nyumba hii nakukabidhi wewe. Kikisoma nje kidogo kuliko ndani, tufungulie, kikizidi, tufungie." Baada ya siku mbili ataona kwa macho yake sebule iliyofungwa ikibaki na 25 wakati nje ni 32, na yeye ndiye atakayekugombeza ukiacha mlango wazi.

Mtoto wa miezi mitano anayenyonya tu haongezewi maji. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, na wewe unywe kwa ajili ya wawili. Kama anatumia maziwa ya kopo, anaweza kupewa maji kidogo yaliyochemshwa na kupoa. Avae nepi, na shuka jepesi likihitajika. Feni isimpulize usoni. Na hapa kuna ugomvi mwingine nauona unakuja: msifunike kigari chake kwa kanga ili kumkinga jua. Chini ya kitambaa hewa haipiti na joto hupanda haraka kuliko mnavyofikiri. Tumieni mwavuli, na mtembee kabla ya saa tano asubuhi au baada ya saa kumi na mbili jioni. Kumbeba mgongoni ni vizuri, ila kwa safari fupi. Miili miwili iliyobanana hupashana moto.

Mapishi yafanywe alfajiri au usiku, oveni ipumzike. Chakula kilichopikwa kisikae mezani hadi jioni kama ilivyokuwa wakati wa baridi, kitachacha.

Zijueni pia dalili, wote watatu, hata mkwe anayetoka usingizini. Kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, jasho jingi, ngozi kupauka na kuwa na unyevu wa baridi, misuli kukaza: huyo amelemewa na joto. Mlaze penye ubaridi, miguu juu kidogo, mpunguzie nguo, mpe maji kidogo kidogo, mloweshe na mpepee. Anatakiwa awe na nafuu ndani ya nusu saa. Nusu saa ikipita bila nafuu, au akianza kusema maneno yasiyoeleweka, kupumua kwa haraka, kuwa na ngozi ya moto sana, kupata degedege au kuzirai, hiyo ni dharura ya kufa na kupona. Piga 999 na endelea kumlowesha wakati mnasubiri. Weka vitu vya baridi vilivyofungwa kitambaa kwapani na shingoni. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu. Najua wengi wenye wageni husita kupiga simu kwa hofu ya gharama. Mgeni hatozwi kwa matibabu ya kitengo cha dharura cha hospitali; hesabu nyingine huanza akilazwa. Kwa hiyo usikae ukihesabu pesa huku mtu anaungua.

Namalizia na yule mzee. Wewe jambo lake umeliweka mwisho wa barua, mimi nalitaka lifanyike kwanza, leo kabla hujala. Mwishoni mwa Juni 2021 joto lisilo na mfano liliingia magharibi mwa Kanada, katika jimbo la British Columbia, sehemu iliyozoea hali ya ubaridi kama kwenu. Kwa wiki moja watu 619 walikufa kwa joto. Uchunguzi wa serikali ulikuta kwamba asilimia 98 kati yao walipatwa wakiwa ndani ya nyumba, na zaidi ya nusu walikuwa wakiishi peke yao. Wengi walikuwa wazee. Joto la namna hii halimwangushi mtu barabarani watu wakamwona. Humkuta kitini, madirisha yamekaa ovyo, hana wa kumwambia rangi yako imebadilika. Swali la mama kuhusu alichokula mzee ni swali la kitabibu, ingawa yeye analiuliza kwa ujirani.

Kwamba huko watu hawaingiliani ni kweli siku za kawaida. Siku za tahadhari, mamlaka za afya zenyewe zinawaomba watu wawatazame majirani wazee, kwa hiyo hauendi kinyume na adabu za huko. Chukua chupa ya maji ya baridi na vipande vya tikiti, mchukue na mama, mgonge mlango. Jitambulishe kwa jina na namba ya nyumba. Usimwulize kama yu mzima. Atakujibu yu mzima hata kama anaanguka. Muulize analala chumba gani, madirisha anayafungua saa ngapi, leo amekunywa nini. Sikiliza kama majibu yana mpangilio. Akiwa analala juu, mwombe ashuke chini, na kama anahitaji mkono wa kushusha godoro, mkwe wangu anao. Mpe namba yako ya simu, mkubaliane mtapita asubuhi na jioni. Mkigonga asifungue mlango, au mkiona dalili nilizotaja kupitia dirishani, ni 999 hiyohiyo.

Joto hili litapita, na litarudi. Oktoba, kila mtu akiwa amesahau, mwandikie mwenye nyumba barua umwombe mambo mawili: paa liwekewe kizuizi cha joto kinachotakiwa, ambacho kitawasaidia pia kwenye baridi, na dirisha la jioni lipate kivuli cha nje. Oktoba mafundi wana nafasi. Julai hutawapata.

Niandikie tena uniambie mama anaendeleaje na cheo chake kipya. Ila ukiona amechanganyikiwa maneno, usiniandikie mimi. Piga simu.

Shangazi